Kipengele cha Arobaini

Nchi ninayoisimulia haimo katika ramani yoyote, kwa kuwa Idara ya Ramani ingali inasubiri kibali cha kuichora. Msomaji asijisumbue kuitafuta. Na akihisi kuwa ameiona nje ya dirisha lake, ashushe pazia aendelee kusoma.

Serikali ya nchi hiyo iliwahurumia sana wanafunzi wanaoanza. Iliona jinsi kijana anayetaka kujifunza kuandika programu za kompyuta anavyoteseka kabla hajaandika hata mstari mmoja. Akienda kantini ya chuo kuuliza aanze na lugha ipi, wafuasi wa lugha yenye jina la nyoka humwambia aanze na nyoka, kwa sababu husomeka kirahisi. Wafuasi wa lugha yenye jina la kahawa humwonya kuwa nyoka ni wa watoto, na kwamba aliyezoeshwa wepesi hatakuwa na nidhamu. Kisha huinuka mkongwe wa mwaka wa nne, ambaye ndevu zake zimeanza kupata heshima, akatamka kwamba asiyeanza na ile lugha ya herufi moja hajui kompyuta, anajua kubofya. Chai hupoa. Kijana huondoka na lugha sita kichwani na programu sifuri mkononi.

Ndipo ikaundwa Tume ya Kudumu ya Lugha ya Kwanza, chini ya uenyekiti wa Profesa Lwitiko. Tume ilikaa miaka kumi na moja. Ilizuru nchi za baridi, ikaleta ripoti ya kurasa mia nane, ambazo mia tatu za mwanzo zilihusu vifungua kinywa. Ilizikataa lugha zote kwa sababu za kisayansi. Lugha ya nyoka ilikataliwa kwa kuwa ni hatari kumpa mtoto wa mtu nyoka. Ya kahawa ilikataliwa kwa kuwa huwafanya vijana wakeshe wakifikiri. Ya herufi moja ilikataliwa kwa kuwa mataifa mengine yangedhani tumeshindwa kupata herufi ya pili.

Baada ya hapo Profesa mwenyewe alibuni Lugha ya Kwanza ya Taifa, kwa kifupi LUKWATA.

*

LUKWATA ilikuwa lugha tulivu. Haikuwa na neno *ikiwa*, kwa sababu Ofisi ya Usalama wa Sentensi iligundua kuwa sentensi inayoanza na *ikiwa* haijulikani itaishia wapi. Leo raia ataandika *ikiwa mvua itanyesha*. Kesho ataandika *ikiwa Waziri atashindwa*. Haikuwa na neno *acha*, kwa maana kinachoachwa ni kilichoshindikana, na katika nchi hiyo hakuna kilichowahi kushindikana. Ilikuwa na neno *endelea*, lililopendekezwa na Waziri wa Mwanzo Mpya katika mwaka wake wa ishirini na sita wa wadhifa huo. Na mwanafunzi alipokosea, kompyuta haikumvunja moyo kwa kumwonesha mstari wenye kosa. Iliandika: *Hongera, umefaulu kwa namna nyingine.*

Mimi nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili na karani wa kujitolea wa Dirisha Namba Tatu. Kazi yangu ilikuwa kupokea Fomu ya Tamko la Lugha ya Kwanza na kuigonga muhuri. Fomu ilikuwa na vipengele thelathini na tisa. Kipengele cha nane kiliuliza urefu wa mwombaji akiwa amevaa viatu. Cha kumi na saba, jina la mlinzi wa shule yake ya chekechea. Cha thelathini na tisa kilimtaka achague kwa uhuru lugha yake ya kwanza, kwa kutia tiki katika kisanduku kilichopo. Nilikuwa na mihuri miwili, IMEPOKELEWA na IMEKATALIWA, na niliipangusa kila asubuhi kwa leso yangu mwenyewe.

Siku ya kwanza ya muhula alifika dirishani msichana mwembamba wa mwaka wa kwanza, jina lake Mwajabu. Aliisoma fomu yote, jambo lililoniogopesha kidogo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kufanya hivyo.

"Dada, hapa pa kuchagua naona kisanduku kimoja tu."

"Ndiyo maana foleni yetu inakwenda haraka, mdogo wangu. Tia tiki."

"Nikitia, nitakuwa nimechagua nini?"

"Utakuwa umechagua. Hilo ndilo la msingi."

Akaigeuza fomu, akaangalia nyuma yake, akairudisha. "Mmeuliza hadi mlinzi wa chekechea. Mbona hamkuuliza ninataka kutengeneza nini?"

"Kwani kuna mtu anataka kutengeneza kitu?" nilimwuliza. Niliuliza kwa nia njema kabisa. Katika mwaka mzima wa kukaa dirishani sikuwa nimesikia habari hiyo.

Foleni ilicheka. Yeye hakucheka. Alinieleza kuwa mama yake ni muuguzi katika zahanati ya Mtaa wa Chokaa, na kwamba watoto wote wa mtaa, elfu moja mia tatu na kumi na wawili, wameandikwa katika daftari moja lililovimba kwa mvua. Kila wiki mama yake hulisoma toka jalada hadi jalada akitafuta nani amefikia umri wa kuchanjwa. Miaka mitano nyuma kurasa mbili ziligandana. Ndani ya kurasa hizo alikuwamo Zabibu, mtoto wa jirani yao. Sindano yake ya surua ilipita, surua haikupita.

"Siku hizi akitaka kuona kitu anakileta puani," alisema Mwajabu. "Mimi nataka programu moja ndogo. Ikiwa mtoto ametimiza miezi tisa na hajachomwa sindano ya surua, jina lake litoke. Basi. Lugha yoyote inayoweza kusema hivyo ndiyo lugha yangu ya kwanza."

Akachukua kalamu, na chini ya kipengele cha thelathini na tisa akaandika kwa mkono: *40. Unataka kutengeneza nini?* Kisha akajijibu.

"Mdogo wangu," nilimwambia kwa upole, "fomu ya serikali hairuhusiwi kukua."

"Imeshakua, dada. Gonga."

Sikuigonga. Niliipeleka kwa Profesa Lwitiko, kwa sababu nilikuwa karani mwema.

*

Tume ilimwita Mwajabu mbele ya wajumbe kumi na wanne, na mimi nikaitwa kuandika kumbukumbu. Profesa alikuwa mpole sana. Alimwonesha kompyuta ya Tume, ambayo ilitolewa ndani ya sanduku la kioo kwa heshima ya kikao hicho.

"Binti, hatukuzuii kutengeneza. Tengeneza. Lakini kwa LUKWATA."

Mwajabu aliketi. Aliandika kwa LUKWATA kila alichoweza, akaingiza majina ya daftari la mama yake kutoka katika kifaa kidogo alichokuwa amekifunga kwenye kitambaa. Kompyuta ilifikiri, ikatoa majina elfu moja mia tatu na kumi na mawili, ikamalizia kwa kumpongeza.

"Umeona?" Profesa aliwageukia wajumbe, nao wakapiga makofi. "Yote yametoka. Hakuna mtoto aliyeachwa nyuma. Hizo lugha zenu za kantini zingewabagua."

"Profesa, mimi nataka ziwabague. Nataka aliyekosa sindano atoke, aliyekwisha kuchomwa abaki."

"Wiki ya pili chuoni hujaifikisha, unataka kubagua?"

"Hapa nimerudishiwa daftari lilelile, ila sasa linatumia umeme."

Mjumbe mmoja alikohoa. Katibu aliniambia niandike kuwa mwombaji ametoa shukrani.

Hukumu ilikuwa nyepesi, na niliona ni ya huruma. Ijumaa ya uzinduzi rasmi wa LUKWATA, mbele ya Waziri, Mwajabu angekifuta kipengele cha arobaini kwa mkono wake mwenyewe, kwa mstari mmoja ulionyooka. Akikataa, nafasi yake chuoni ingepewa mwingine anayejua kutia tiki.

"Nikikifuta, Zabibu ataona?" aliuliza.

Katibu aliuliza Zabibu ni wa wizara gani.

*

Kabla sijaueleza uzinduzi, sharti niitaje Kanuni ya Heshima, ambayo Waziri aliitia saini mwenyewe. Kwa mujibu wake, jina kamili la Waziri linapotamkwa, waliopo wote husimama hadi litakapokwisha kutamkwa. Na yeyote atakayelikatisha jina hilo njiani, kwa mdomo, kwa mkono au kwa chombo, atakuwa ametenda kosa la kumpunguza Waziri.

Saa tatu asubuhi ukumbi ulikuwa umejaa. Profesa alipanda jukwaani kuonesha programu ya kwanza kuandikwa na taifa kwa lugha ya taifa. Ilikuwa na mistari miwili. Wa kwanza uliitaka kompyuta iliandike ukutani na kulitangaza kwa kipaza sauti jina la Waziri. Wa pili ulisema: *endelea*.

"Mheshimiwa Daktari Mhandisi Kanali Mstaafu Nderemo Pangapanga," ilisema kompyuta, na ukumbi mzima ukasimama.

"Mheshimiwa Daktari Mhandisi Kanali Mstaafu Nderemo Pangapanga," ilisema tena, kabla mtu hajagusa kiti.

Makofi yaliendelea hadi saa tatu na nusu. Saa nne vigelegele vilikauka. Saa tano wapiga tarumbeta walikuwa wameegemea tarumbeta zao. Waziri alijaribu kuketi mara moja. Msaidizi wake alimnong'oneza kuwa kanuni haikumruhusu yeyote kubaki kitini, hata yeye mwenyewe. Akasimama tena, akatabasamu, na tabasamu hilo likabaki pale usoni peke yake.

Saa sita Profesa aliandika *acha*. Kompyuta ilimpongeza. Akaandika *tafadhali acha*. Ikampongeza kwa namna nyingine. Akamwendea fundi wa umeme.

"Chomoa waya."

"Jina liko katikati, mzee."

"Nakuamuru mimi."

"Nimekusikia. Swichi ndiyo hiyo hapo, nyeupe. Mimi nina watoto wanne, chomoa wewe."

Profesa aliitazama swichi kwa muda mrefu. Kisha akarudi jukwaani, akawa anapiga makofi polepole, ya mtu anayefukuza inzi.

Mwajabu alikuwa amesimama safu ya mbele, fomu mkononi, akingoja zamu yake ya kujifuta. Saa saba alipanda jukwaani bila kuitwa.

"Naweza kuifanya iishie mwisho wa jina," alisema, "wala hakuna atakayekatishwa."

"Kwa lugha ipi?" Profesa alifoka, kwa sauti iliyopasuka.

"Nifungulie ndani ya LUKWATA, nikuoneshe."

"Ndani hakufunguliwi."

"Fungua," alisema Waziri. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu saa tatu.

Profesa alifungua, na matumbo ya LUKWATA yakatokea ukutani, makubwa, kando ya jina la Waziri. Waliosoma kantini walianza kuguna, kwanza wawili, kisha safu nzima. Kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, lugha ya taifa ilikuwa imeandikwa kwa lugha ya nyoka.

Mwajabu aliisoma kwa kidole. "Profesa, humu ndani *ikiwa* ziko mia nne na kumi."

"Profesa," alisema Waziri, "hiki ni nini?"

"Ni msingi, Mheshimiwa. Msingi wa nyumba hauoneshwi wageni."

"Simlaumu kwa kutumia nyoka," alisema Mwajabu, naye alikuwa ameugeukia ukumbi. "Alikuwa na kitu cha kutengeneza, akaitafuta lugha inayokiweza. Ndivyo watu wanavyoanza. Ila sisi alituchagulia kisanduku."

Kisha akaketi, akaandika mistari minne. Sikuwa nimewahi kumwona mtu akiandika programu bila kumtazama aliye nyuma yake. Alipomaliza, jina la Waziri lilitamkwa mara moja hadi herufi ya mwisho, na chini yake, kwa maandishi makubwa kuliko ya jina, likatokea swali:

*Mheshimiwa, umechoka? Bonyeza N kwa Ndiyo, H kwa Hapana.*



"Muulize mtu mwingine swali hilo," alinong'ona Profesa.

"Jina ni lake," alijibu Mwajabu. "Mwenye kuliachia ni yeye."

Waziri alipanda jukwaani. Alisimama mbele ya kibodi akiwa na miaka yake ishirini na sita mabegani, akabonyeza H.

"Mheshimiwa Daktari Mhandisi Kanali Mstaafu," ilianza kompyuta, na watu mia sita wakashusha pumzi kwa pamoja, mpaka mapazia yakatikisika. Ilitamka jina mara hamsini, kama alivyoiagiza Mwajabu, kisha ikauliza tena, kwa adabu ileile. Waziri aliyatazama maandishi. Aliviangalia viatu vyake, ambavyo vilikuwa vipya. Akabonyeza N.

*Ndiyo*, uliandika ukuta.

Wote waliketi. Viti mia sita vililia kwa wakati mmoja, na hakuna aliyethubutu kulifuta lile neno ukutani, kwa kuwa lilikuwa kauli ya Waziri.

*

Waziri alipewa maji, akapata sauti yake ya kawaida.

"Binti, una kipaji, na serikali hii haijawahi kukiacha kipaji kikatembea peke yake. Tutatangaza kuwa neno *ikiwa* nimelibuni mimi. Litatumika katika mashine za wizara tu, ambako sentensi zina walezi. Wewe utakifuta hicho kipengele chako, utapewa cheti, na nafasi yako chuoni utabaki nayo."

"Na zahanati, Mheshimiwa?"

"Zahanati zitaingia katika toleo la pili."

"Lini?"

"Tume itakaa," alisema Profesa, aliyekuwa ameanza kupata nguvu tena.

"Watoto hawa wana miezi tisa, Profesa. Hawana miaka kumi na moja."

Mpambe alimletea kalamu juu ya kitambaa. Mwajabu aliifungua fomu juu ya meza, na sote tukainama kuona. Nilikuwa karibu naye kuliko wote. Alipiga mstari mmoja, ulionyooka, kama alivyotakiwa. Ila aliupiga chini ya kipengele cha arobaini, si katikati yake. Na kwa kuwa wino ulikuwa mzito, akaupiga mara ya pili.

Akairudisha kalamu kwenye kitambaa. "Nafasi yangu mpeni mwingine," alisema. "Mwulizeni kwanza anataka kutengeneza nini."

Redio ilitangaza jioni hiyo kuwa Waziri ameongoza mazoezi ya kitaifa ya kusimama, na kwamba taifa limefaulu.

*

Barua ya kumfukuza Mwajabu ilipita dirishani kwangu, nikaigonga muhuri. Naliandika hili kwa sababu kumbukumbu rasmi hazikuliandika. Jumatatu nilitumwa kuipeleka kwa mkono hadi Mtaa wa Chokaa.

Nilimkuta kwenye benchi la zahanati, kompyuta ya mitumba magotini, kibodi ikiwa imekosa herufi mbili. Mama yake alikuwa ameshika karatasi. Juu yake palikuwa na majina sita. Katika watoto elfu moja mia tatu na kumi na wawili, sita. Na mama alikuwa tayari amejitwika begani kisanduku cha barafu chenye chanjo, anauliza nani anaijua nyumba ya wa nne. Kizingitini aliketi mtoto wa kike aliyekuwa ameishika nakala ya orodha hiyo puani, akiitafuta herufi ya jina lake. Halikuwamo, kwa kuwa yeye aliugua kabla ya programu kuandikwa, akachomwa sindano macho yakiwa yameshaharibika.

Mwajabu aliisoma barua, akaikunja, akaiweka chini ya mguu mfupi wa benchi. Benchi likatulia.

"Dada," aliniuliza, "na wewe ulianza na lugha ipi?"

"Nilitia tiki."

"Ulitaka kutengeneza nini?"

Nilimjibu kuwa nina haraka ya kurudi dirishani, na kweli nilikwenda haraka. Swali nilikwenda nalo.

Siku iliyofuata foleni ilikuwa ndefu kuliko kawaida. Fomu ya kwanza ilikuwa na kipengele cha arobaini kwa penseli: mwombaji alitaka kutengeneza ratiba ya zamu za bomba la mtaa wao, ili mama wajane wasisukumwe. Ya pili ilikuwa nacho kwa wino mwekundu: kamusi ya lugha ya bibi yake, kabla bibi hajaondoka nayo. Wa tatu alitaka mchezo wa bao, hakutoa sababu. Mezani kwangu palikuwa na waraka wa Profesa ulioagiza kwamba fomu yoyote iliyokua ikataliwe papo hapo. Niliusoma waraka mara mbili, kwa heshima. Kisha nikaupangusa muhuri mmoja kwa leso.

Kufikia adhuhuri nilikuwa nimepokea fomu sitini na tatu. Profesa alifika mwenyewe, akainama dirishani.

"Karani, waraka wangu uliusoma?"

"Niliusoma, Profesa. Shikamoo."

"Na fomu hizi?"

"Zimepokelewa."

"Zote?"

"Zote. Na hii hapa ni ya sitini na nne. Ni yangu."

Aliivaa miwani. Vipengele thelathini na tisa nilikuwa nimeviacha vitupu; sikuandika hata urefu wangu nikiwa na viatu. Cha arobaini nilikijaza kwa wino wa bluu, ili isidhaniwe ni nakala. Nilieleza kuwa ninataka kutengeneza dirisha lisilohitaji karani, na kwamba mstari wake wa kwanza nimeshauandika, kwa lugha ambayo nimejichagulia mwenyewe:

*Ikiwa mtu anataka kuanza, aanze.*